Kadi ya Kumi na Saba

Kopo ni la biskuti, kifuniko kimeota kutu.
Ndani kadi ishirini na tano, kila moja kiganja cha mtoto,
zilizochomolewa kwenye pakiti za sigara
na watu ambao moshi wao umeshasahau vifua vyao.
Kadi moja, nishani moja: utepe juu, shaba chini,
nyota, msalaba, simba, taji,
mfalme aliyechorwa upande
asiyemtazama mtu.

Mzungu wa karanga aliliacha hapa Kongwa
mwaka ule trekta zilipolala
na udongo ukakaza kama saruji.
Mshahara wa babu wa miezi miwili hakuutoa.
Alitoa kopo, akasema litunze.
Babu akalitunza. Ndivyo alivyokuwa,
hata deni alilitunza.

Usiku, tukishamaliza ugali wa uwele na mlenda,
Chilongani mwana wa Lusito alitandika kadi juu ya ngozi ya mbuzi
akatufundisha rangi.
Utepe mwekundu, damu; hilo tulilijua.
Buluu, maji ambayo ukiyatapikia hayabadiliki.
Njano, homa.
Mstari mweupe, mwembamba, katikati:
hapo alinyamaza, akakuna goti,
akasema, huo ni barua
ulizoandika zisifike.

Mimi nikasoma Mpwapwa, nikarudi na Kiingereza,
nikazigeuza kadi nikasoma migongo.
Nyeupe, wameandika, ni amani.
Buluu ni uaminifu. Njano ni jangwa fulani.
Sikumwambia.

Yake haikuwemo. Kadi zilichapwa
kabla vita vyake havijazaliwa.
Lakini aliitafuta, kila usiku,
kana kwamba kadi huzaana kopo likifungwa.

Nishani yenyewe nilihadithiwa tu.
Bibi Mbeleje aliifunga kwenye pindo la kanga
mwaka wa njaa, akatembea nayo hadi dukani Kibaigwa.
Mwenye duka akaiuma, akaiweka kwenye mizani,
upande wa pili akamimina mtama
mpaka mkono wa mizani ukaacha kutetemeka.
Nyumba nzima ikala nishani siku nne.
Babu aliporudi na ng'ombe akaambiwa,
akauliza, "Ilikuwa na chumvi?"
Wakacheka mpaka mtoto akaamka.
Mtoto huyo ndiye mama yangu.

Ya kumi na saba aliilaza kifudifudi siku zote.
Tulipotoka kumzika niliigeuza.
Nishani ya fedha, na ndani ya fedha mtu mweusi amepiga goti,
ngao imelala pembeni, mkuki umevunjika mara mbili,
na mchoraji, fundi kweli,
hakusahau hata vikuku vya mguuni.
Mgongoni: walitunukiwa wote walioshiriki kutuliza bara.
Kutuliza.
Neno tunalotumia mtoto akililia ziwa.

Juzi kaja kijana kutoka Dodoma mjini,
shati limepigwa pasi, glavu nyeupe mkononi.
"Mbukwa," akasema, ulimi ukamteleza; nikaitika hivyo hivyo.
Akahesabu. Akahesabu tena.
Ishirini na nne, mama. Ikitimia bei ni mara tatu.
Hii iliyopungua?
Panya, nikamwambia.
Panya wa Kongwa walimaliza karanga za serikali nzima,
watashindwa na karatasi?
Akacheka, akatoa noti,
akaandika kwenye risiti: seti pungufu.

Bati la choo nimeshalinunua.
Kadi iko kabatini, kati ya cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki,
uso juu.
Niliazima lenzi ya fundi saa nikamtazama yule bwana vizuri.
Goti lake halijagusa chini.
Kuna nafasi hapo, ya unywele tu,
nyeupe,
na sijui kama alikuwa anashuka
au anainuka.